Kiongozi wa ghala la korosho: anayejua tayari au anayeuliza?

Katika chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huko Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, kiongozi wa kwanza hutikisa korosho kiganjani, husikiliza mlio, husema "daraja la kwanza", gunia hupita. Foleni ya Oktoba inaenda haraka, ni kweli. Lakini ganda zuri huficha kiini kibovu, na sikio halipimi unyevu.

Wa pili ana uzoefu uleule, ila huchoma bambo (chuma chenye ncha cha kuchukulia sampuli) juu, katikati na chini ya gunia, huchanganya sampuli, hupima kilo moja, huhesabu punje, hukata zote na kutenga viini vizuri, vyenye madoa na vilivyooza. Unyevu ukizidi asilimia 10, mzigo unarudi juani. Kisha humuuliza karani mpya, "Wewe umeona nini?" kabla yeye mwenyewe hajasema lake, kwani akitangulia mkubwa, kijana ataitikia tu. Huyu tunamchagua, hata foleni ikirefuka.