Magnesiamu ya dola 27: namba ya mbele na maandishi ya nyuma

Nilimnunulia mama yangu, ninayeishi naye hapa California, chupa ya magnesiamu ya glisineti (madini ya magnesiamu yaliyounganishwa na glisini) kwa dola 27, kwa sababu misuli ya miguu ilikuwa ikimkaza usiku na daktari alimwagiza atumie miligramu 300 kwa siku. Mbele ya chupa pameandikwa kwa herufi nene "300 mg", na chini yake "kapsuli 90". Anayesoma hapo ataelewa kwamba kila kapsuli ina miligramu 300 na kwamba chupa itafika miezi mitatu, nasi ndivyo tulivyoelewa.

Wiki ya tano, mama akiwa bado analalamika, nilivaa miwani nikasoma jedwali la nyuma. Mstari wa kwanza, ulioandikwa kwa herufi ndogo mfano wa punje za ulezi, unasema kwamba dozi moja ni kapsuli 3. Kumbe mama alikuwa akipata miligramu 100 kwa siku, na chupa yenyewe ni ya mwezi mmoja tu. Mtengenezaji hawezi kusema hakujua, kwani katika unga wa aina hii magnesiamu yenyewe ni takriban asilimia 14 ya uzito, na miligramu 300 zinahitaji zaidi ya gramu 2 za unga, ambazo haziingii katika kapsuli moja inayomezeka.

Kapsuli zenyewe sina neno nazo: hazina harufu wala hazikumsumbua tumbo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji wa virutubisho kupata kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, kabla ya kuuza, hivyo mara nyingi ni wanunuzi wanaokwenda mahakamani, fedha zikiwa zimeshatoka mfukoni. Mwaka 2008 kampuni ya Airborne ilikubali kulipa dola milioni 23.3 kumaliza kesi ya pamoja ya wanunuzi wake kuhusu madai kwamba kirutubisho chake hukinga mafua. Mwaka huohuo, katika kesi ya vitafunio vya watoto vya Gerber, vilivyokuwa na picha za matunda ambayo juisi yake haikuwemo, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9, yaani mahakama ya shirikisho ambayo California iko chini yake, ilisema kwamba mnunuzi mwenye busara hatarajiwi kutafuta ukweli katika maandishi madogo ya pembeni ilhali upande wa mbele unapotosha. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ilifafanua kwamba, pale mbele panapokuwa na utata tu, maandishi ya nyuma yanaweza kuzingatiwa.

Kwa maoni yangu hapa hapana utata wowote, maana "300 mg" iliyowekwa juu ya "kapsuli 90" ina maana moja tu kwa mtu mzima aliyesimama dukani bila miwani. Naipa nyota 2 kati ya 5. Nimepiga picha pande zote mbili za chupa, risiti nimeihifadhi, na mama sasa anatumia chupa nyingine ambayo imeandikwa mbele, karibu na namba, "kwa kapsuli 3".