Theluji ya Desemba na theluji ya Machi

Ukimuuliza mkazi wa Minneapolis, jiji la kaskazini mwa Marekani, kama anapenda theluji, taja kwanza mwezi gani.

Ya Desemba ina wapenzi wake. Inashuka kimya, inafunika majani makavu na takataka, na usiku mtaa mzima unang'aa kwa taa. Watoto wanateleza vilimani. Maziwa yakishaganda vizuri, wavuvi wanatoboa barafu na kuketi na ndoano zao. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji inakuwa kavu kama sembe na inalia chini ya kiatu. Ukiichota kwa koleo, nyepesi. Hiyo naipenda, nakiri, ingawa kope zinagandamana.

Ya Machi? Balaa tupu. Mchana inayeyuka, usiku inaganda upya, asubuhi ngazi zimekuwa kioo. Imelowa, nzito, mgongo wangu ni shahidi. Kando ya barabara limebaki lundo jeusi la mchanga na masizi, na chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu inachora mistari myeupe kwenye viatu, inakula vyuma vya magari. Kalenda nayo inadai majira ya kuchipua yameingia! Hata Aprili huweza kuanguka nyingine, ukiwa umeshalitupa koleo stoo.