Wachunguzi wa ajali niliowaita Bugiri: maoni ya mteja

Nina malori mawili ya Fuso yanayobeba mahindi kutoka Busia hadi Kampala. Msimu wa mvua uliopita, mojawapo liligongana usiku na boda boda katika kituo kidogo cha biashara kati ya Bugiri na Iganga. Mwendesha boda alivunjika mguu akapelekwa hospitali ya rufaa ya Jinja, na dereva wangu akatoka mzima. Polisi wa barabarani walichora ramani ya eneo, na mkaguzi wao wa magari akapima breki, usukani na matairi asione hitilafu. Ubishi ukabaki kwenye mambo matatu: mwendo wa lori, upande ambao boda ilikuwa, na taa yake. Dereva alikuwa akiniambia kila siku, "Mama, nakuapia, yule hakuwa na taa."

Ndipo nikaajiri kampuni binafsi ya Kampala inayochunguza ajali kitaalamu, kwa shilingi milioni mbili na nusu. Jina lake silitaji, kwa kuwa nina malalamiko nayo pia, lakini kazi yenyewe nataka wenye magari wenzangu waielewe.

Mchunguzi alianza na lami. Alama za matairi zilikuwa na urefu wa mita 30, na katika mita ya 20 tangu zilipoanza palikuwa na mchimbuo mdogo, ambao alionyesha kwamba ulitokana na chuma cha kukanyagia cha pikipiki wakati ilipobamizwa chini. Mchimbuo huo ulikuwa ndani ya upande wetu kwa sentimita 60 kutoka mstari wa katikati. Kisha akatoa kipande cha tairi kilichojazwa zege, chenye uzito wa kilo 20, akakiburuta mara kadhaa juu ya lami kwa mizani ya kuvuta, nayo ikasoma kilo 15. Uwiano wa kilo hizo, unaoonyesha jinsi lami inavyolishika tairi, ni 0.75, lakini aliupunguza hadi 0.6 kwa sababu matairi ya lori hayashiki lami sawasawa na ya gari dogo. Kwa kipimo hicho na urefu wa alama, mwendo wa lori ulikuwa takriban kilomita 68 kwa saa, na alisisitiza kuwa hicho ni kiwango cha chini, kwa kuwa gari huanza kupungua mwendo kabla tairi halijaacha alama. Nilipouliza kama kuigonga pikipiki hakukubadilisha hesabu, alijibu kwamba lori lililojaa mahindi ni zito kuliko pikipiki mara nyingi mno, hivyo badiliko ni dogo sana. Kibao cha barabarani pale kinasema 50. Dereva wangu alikuwa ameandikisha kwamba alikuwa kwenye 50.

Kilichonishika zaidi ni balbu. Tuliruhusiwa kuitazama pikipiki katika uwanja wa kituo cha polisi, mbele ya askari, na mchunguzi akatuwekea kioo cha kukuzia juu ya balbu ya taa ya mbele iliyopasuka. Uzi wa balbu inayowaka huwa laini kwa joto, kwa hiyo kishindo kikitokea huvutika na kujipinda, ilhali uzi wa balbu iliyozimwa ni mkavu na ukikatika huacha ncha kali zinazong'aa. Ule tuliouona ulikuwa umevutika kama kamba iliyolegea, na juu yake palikuwa na unga mweupe wenye manjano kidogo, unaotokea hewa inapoufikia uzi ukingali wa moto. Dereva alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Mama, basi taa ilikuwepo." Naamini aliapa kwa kile alichodhani ameona. (Balbu za LED hazina uzi, kwa hiyo kipimo hiki hakizifai.)

Ripoti, basi, haikumpendelea aliyeilipia, na hilo ndilo lililonifanya niiamini. Boda ilikuwa upande wetu, taa yake ikiwaka. Lakini kwa mwendo wa 50, ukihesabu sekunde moja na nusu ya dereva kushtuka, lori lingesimama ndani ya mita 37 hivi, na mahali pa kugongana palikuwa mita 48 mbele tangu alipoanza kushtuka, yaani lingesimama kabla ya kuifikia boda.

Kuhusu upungufu: walifika siku ya tatu baada ya kupigiwa simu, mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, na alama zilikuwa zimefifia kiasi kwamba mchunguzi alilazimika kutegemea picha nilizopiga kwa simu asubuhi ya kwanza. Nauli na malazi yao yaliongezwa kwenye ankara bila kutajwa mwanzoni. Ripoti ya kurasa 19 iliandikwa kwa Kiingereza pekee, na nilipoomba muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya dereva na ndugu wa majeruhi niliambiwa hawatoi. Mchunguzi mwenyewe alikaa nasi saa nzima akatueleza kwa mdomo, na namshukuru kwa hilo, lakini anayetajwa katika karatasi anastahili kuisoma mwenyewe.

Bima ilikubali ripoti, nami nikagharimia sehemu ya matibabu ya yule kijana. Nitawaita tena nikihitaji, ila nitapiga simu usiku uleule, na kabla ya kulipa nitauliza nauli ni ya nani.