Kupimwa uzito kando ya barabara Kisumu: kilo ni sawa, maelezo bado

Ukitoka Oginga Odinga Street ukielekea soko la Jubilee, au ukipita Kibuye Jumapili soko likiwa limefurika, huchelewi kumwona mpimaji: kigoda, mwavuli, na mizani ya kioo juu ya kipande cha katoni. Unatoa sarafu, unapanda, unatajiwa kilo zako, unaendelea na safari. Wengine wana mashine ndefu yenye mlingoti, inayopima na urefu kisha kutoa karatasi yenye BMI, yaani nambari inayolinganisha uzito na urefu wako. Huduma ni ndogo lakini inafika mahali ambapo kliniki haifiki. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na mtu mzima ambaye si mjamzito wala mgonjwa hapangi foleni hospitalini ili apande mizani tu. Kando ya barabara hakuna foleni, wala haulizwi mtu anaumwa nini.

Tathmini yetu ni hii: kilo zinaaminika mizani ikiwekwa vizuri, urefu wa mashine unahitaji kutiliwa shaka, na maneno yanayofuata baada ya nambari ndiyo yaliyo dhaifu kuliko yote.

Tuanze na mizani yenyewe. Hii ya kioo ina vihisi vinne, kimoja ndani ya kila mguu wake. Ukikanyaga, vihisi hupinda kidogo mno, na mpindo huo hugeuzwa kuwa kilo. Hesabu hutoka sawa mradi miguu yote minne imekanyaga kitu kigumu kilicholala sawasawa. Katoni hubonyea. Kabro zilizotitia huuacha mguu mmoja ukining'inia. Hapo mizani husoma pungufu, na ukipanda mara ya pili inakupa nambari nyingine. Dawa yake ni kipande cha plaiwudi nene, kikubwa kuliko mizani, kilichotuliwa mpaka kisichezecheze. Mpimaji mwenye plaiwudi anastahili pesa yako kuliko mwenye katoni, hata kama mashine zao zinafanana.

Kuikagua ni rahisi. Panda mikono mitupu, soma. Shuka, kisha upande umebeba pakiti mbili za unga za kilo mbili ambazo hazijafunguliwa. Tofauti iwe kilo nne, ikipungua au kuzidi isipite gramu 200. Usijaribu kwa kupanda mara mbili mfululizo bila mzigo, kwa sababu baadhi ya mizani za bei nafuu hukumbuka nambari ya mwisho na kuirudia uzito mpya ukikaribiana nayo, na hapo utadhani ni sahihi. Mizani ya springi yenye mshale haina ujanja huo, ila springi huchoka. Angalia mshale uko kwenye sifuri kabla hujapanda. Kama hauko, kuna gurudumu dogo pembeni la kuurudisha.

Viatu, jaketi, simu na pochi huongeza kilo moja hadi mbili. Chai ya nusu lita ni nusu kilo. Kwa hiyo aliyepimwa asubuhi kabla ya kula akapimwa tena jioni anaweza kuonekana amenenepa kilo nzima bila kunenepa hata kidogo. Kinachosaidia ni kurudi kwenye mizani ileile, saa ileile, mara moja kwa mwezi, na kuandika tarehe.

Urefu ndio unaoharibu BMI. Mashine nyingi za mlingoti hurusha sauti isiyosikika kutoka juu na kupima inachukua muda gani kurudi. Sauti hiyo hairudi kutoka kwenye fuvu, hurudi kutoka kwenye kitu cha kwanza inachokigonga: rasta zilizofungwa juu, kilemba, kofia. Kwa kuwa BMI ni kilo ukigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kosa dogo la urefu hukua. Mama mwenye kilo 72 na urefu wa mita 1.60 ana BMI ya 28.1. Nywele zikimwongezea sentimita tano, karatasi itaandika 26.4, naye ataondoka akiamini yuko karibu kabisa na mpaka wa uzito wa kawaida. Pima urefu wako mara moja tu, bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, kitabu kikiwa kimelazwa juu ya kichwa, kisha utumie nambari hiyo siku zote.

Ukishajua urefu, huna haja tena ya mashine ya mlingoti. Shirika la Afya Duniani linahesabu 25 kuwa mwanzo wa uzito uliozidi na 30 kuwa unene wa kupindukia. Kwa urefu wa mita 1.50 mipaka hiyo ni kilo 56 na 67.5, kwa 1.60 ni 64 na 77, kwa 1.70 ni 72 na 87. Bango moja lenye mistari hiyo lingetosha kila kituo, lakini wapimaji wengi hawana. Kwa wakazi wenye asili ya Kihindi, ambao Kisumu inao wa vizazi vingi, hatari huanza mapema, na shirika hilo lilipendekeza mwaka 2004 waanze kuangaliwa kwenye 23. Mjamzito asipimwe kwa jedwali hili hata kidogo, na mtoto au kijana aliye chini ya miaka 19 ana chati yake ya umri huko kliniki. Mpimaji anayempa mtoto wa shule BMI ya watu wazima anampotosha mzazi.

Kasoro kubwa zaidi ya huduma hii ni kwamba haigusi kiuno. Hesabu ya BMI ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830 ili kuelezea makundi ya watu, hivyo haijui mafuta yamekaa wapi. Mwanamume wa mita 1.70 mwenye kilo 69 ana BMI ya 23.9, na mpimaji atamwambia yuko sawa. Kiuno chake kikiwa sentimita 98, hayuko sawa. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari na presha. Kuna wanaume wengi wa namna hiyo, miguu myembamba na kitambi mbele, na mizani inawapita.

Tepi ya fundi cherehani ingeliziba pengo hilo. Iwe ya plastiki, kwa sababu ya kitambaa hutanuka ikitumika sana. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha tepi katikati ya hizo mbili, toa pumzi ya kawaida, soma. Usivute tumbo ndani. Saizi ya suruali haisaidii, maana mwenye kitambi huifunga chini yake. Kwa mwanamke hatari huongezeka kuanzia sentimita 80 na huwa kubwa zaidi kuanzia 88. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Asiye na tepi atumie uzi: ukate uwe sawa na urefu wako, ukunje katikati, uzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya urefu na kinahitaji kushughulikiwa. Wanawake wengi hawatakubali kuzungushiwa tepi na kijana mbele ya steji ya matatu, na wako sahihi. Uzi huo wanaweza kupewa waende nao nyumbani.

Faragha ndiyo inayotupeleka kwenye maneno. Kilo hutangazwa kwa sauti, na mara nyingi kuongezeka hupongezwa: "Mama, umeongeza kilo tatu, maisha imekukubali!" Kauli hiyo ina chimbuko. Kanda ya ziwa imebeba mzigo mkubwa wa ukimwi tangu miaka ya 1980, na kukonda kulisomwa kama ugonjwa. Anayekusifu kwa kunenepa anakutakia uzima. Hata hivyo pongezi hiyo inamfundisha mteja kuisoma mizani kinyumenyume. Mpimaji angeonyesha nambari kimya na kuuliza swali moja tu, "Mara ya mwisho ulikuwa kilo ngapi?", angekuwa amefanya kazi nzuri kuliko karatasi ya mashine.

Pale penye chupa au pakiti za kupunguza unene kando ya mizani, lipia kipimo tu. Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki, majani ya kuharisha. Kilo inayopungua kesho yake ni maji na choo, nayo hurudi. Vidonge ni hatari zaidi: sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo na mishipa ya damu, imegunduliwa mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili.

Kaunti na kamati za soko zikitaka, zinaweza kuibadilisha huduma hii bila jengo wala mradi mkubwa. Mizani ya bucha hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Afisa huyohuyo, siku anayopita sokoni, anaweza kuweka jiwe la kilo 20 juu ya mizani ya mpimaji na kubandika kibandiko cha tarehe. Kila mpimaji apewe plaiwudi, bango la mipaka, uzi na vikadi vya kuandika tarehe, kilo na kiuno. Vyama vya akina mama vinavyokutana kila mwezi vinaweza kumwalika aje kupima faraghani, chumbani, mmoja baada ya mwingine. Na mteja ambaye uzi wake haukukutana aelekezwe kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, kwani wahudumu 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mpimaji wa barabarani hana vifaa hivyo, lakini ndiye aliyekutana na mtu huyo kwanza, na namba ya simu ya mhudumu inaweza kuandikwa nyuma ya kadi.

Kwa sasa, nenda asubuhi, vua viatu na jaketi, hakikisha pana ubao chini ya mizani, na beba uzi wako.