Praima ya redi oksaidi kwenye madaraja ya chuma kuukuu: kopo la lita 4

Kwa kikundi cha kujitolea kinachookoa daraja la chuma lililotelekezwa, praima hii nyekundu ya mafuta, yaani rangi ya kwanza ya kukinga kutu, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Dodoma, ndiyo ya kuanzia. Inavumilia chuma kilichosafishwa kwa brashi ya waya na kwangulio. Rangi ya epoksi ni imara zaidi, lakini kwa kawaida hudai chuma kilichopigwa mchanga kwa kompresa, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

Kwenye bamba laini, lita 1 hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi. Chuma kilicholiwa na kutu kina mashimo, kwa hiyo piga hesabu ya mita 6 au 7. Nunua ya mikono miwili.

Koroga kutoka chini, maana unga mwekundu hutuama. Thina, kimiminika cha kulainishia rangi, isizidi mililita 200 kwa kopo. Wanaochanganya mafuta ya taa hujiharibia kazi: rangi hubaki laini siku nyingi na vumbi lote hunasa. Mkono wa kwanza upakwe kwa brashi, si rola, ili rangi iingie kwenye vishimo. Anza na vichwa vya ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabamba) na kingo, halafu bamba zima. Vyuma vya enzi za Reli ya Kati, iliyofika Dodoma 1910, viliungwa kwa ribiti, na kutu hujificha kati ya mabamba, huvimba na kuyatanua. Praima haiponyi hapo. Kwangua kwanza, kausha, ndipo upake.

Hali ya hewa ya Dodoma ndiyo mtihani wake mkubwa. Pakeni saa 2 hadi saa 4 asubuhi, umande ukishafutwa. Kiganja kikishindwa kutulia juu ya chuma, acheni: rangi hukauka juu, chini ikiwa mbichi, kisha hufanya malengelenge. Mei na Juni ni bora kuliko Septemba, ambapo upepo huleta vumbi. Na isiachwe peke yake juani. Bila rangi ya juu huchujuka na kupitisha maji.

Isipofaa kamwe ni kwenye sehemu zinazotembea. Daraja linalozunguka kupisha meli, kama lile la Newcastle, Uingereza, lililofunguliwa 1876, hugeuka juu ya rola zinazopita kwenye njia ya duara. Meza ya kugeuzia injini za treni ni ndugu yake. Rangi ikiingia kwenye njia hiyo au kwenye meno ya gia hubanduka, huchanganyika na grisi na kusaga chuma kama msasa. Huko osheni kwa dizeli, futeni, pakeni grisi.

Tahadhari kubwa: rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Msiikwangue kwa grainda. Iloweni maji, kwangueni kwa mkono mkiwa na barakoa ya vumbi laini, tandikeni turubai, na maganda yote yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko.