Wauguzi wanaohesabu mpaka tano: tathmini ya huduma ya saratani ya watoto Muhimbili

Nimemuuguza mpwa wangu wa miaka sita katika wodi ya saratani ya watoto ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, kwa kupokezana na mama yake, muda wa kutosha kuzijua zamu za wauguzi na kuwatambua watu kwa mwendo wao kabla sijawaona. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi au mlezi aliyeambiwa leo kwamba mtoto apelekwe Dar es Salaam, ambaye pengine anawahofia watu atakaowakuta huko kuliko anavyouhofia ugonjwa wenyewe. Natanguliza maoni yangu: huduma tuliyopewa na watu wa wodi ile ni bora, na sehemu kubwa ya ubora huo imo katika mambo ambayo hayaandikwi kwenye faili la mgonjwa.

Uvimbe ulianzia taya la kushoto, wakati wa kuvuna ufuta kwetu Lindi, na kila aliyeuona alisema ni jino. Katika kituo cha kwanza tulichompeleka, ambacho sitakitaja, aling'olewa jino moja, na wiki iliyofuata la pili. Dada yangu alipouliza kwa nini shavu linazidi kujaa ilhali meno yameshatoka, alijibiwa mbele ya foleni nzima kwamba wazazi wa siku hizi wanajifanya madaktari. Alirudi nyumbani akiwa ameamua kutouliza tena swali lolote hospitalini, na siku kadhaa zilipotea kwa sababu ya jibu lile moja. Siku kadhaa si jambo dogo kwa ugonjwa huu. Unaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto waliovimba mataya. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, kiasi kwamba uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili, lakini pia ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa upesi, ikiwa mtoto atawahi kufikishwa mahali zilipo dawa na watu wanaozijua.

Tulifika Muhimbili na fomu ya rufaa, jicho la kushoto la mtoto likiwa limeanza kufungwa na uvimbe. Baada ya kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kuchukuliwa kwa vipimo na majibu kutoka, daktari aliyetuita alivuta kiti akakaa, macho yake yakawa sawa na ya dada yangu, akachora taya kwenye kipande cha karatasi na kutuonyesha ugonjwa ulipoanzia na ulipofika. Alilitaja neno saratani mara moja, akanyamaza mpaka dada yangu alipokuwa tayari kuendelea. Kisha akamwambia, "Mama, hili halikutokana na kosa lako, wala hakuna mtu aliyemfanyia mtoto huyu jambo." Sijui kama daktari yule alifahamu ni mzigo gani aliouondoa kwa sentensi ile, kwa maana tangu tunatoka nyumbani dada yangu alikuwa amebeba maneno ya majirani kuhusu nani kamroga mwanawe na kwa nini. Siku ile ndipo alipouliza swali lake la kwanza tangu alipokaripiwa, na alijibiwa.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la sindano, kwa sababu mtoto wa wodi ile huchomwa mara nyingi mno: damu ya kupima, kanula ya dripu, na sindano ya mgongoni ambayo watu wazima wengi wangeikimbia. Muuguzi mmoja wa makamo, ambaye alimwita mpwa wangu "mume wangu" kama bibi zetu wa pwani wanavyowaita wajukuu, hakumchoma hata siku moja kwa kumvizia. Alikuja na kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, akakiweka juu ya mkono ili mishipa ijitokeze, akamwachia mtoto achague mkono wa kuchomwa, kisha akamwambia ukweli: "Itauma. Utahesabu mpaka tano kwa sauti, ukifika tano natoa mkono wangu, niwe nimeupata mshipa au sijaupata." Siku ya tatu mshipa ulimkatalia, mtoto akafika tano, na muuguzi, ambaye nilimwona wazi kwamba alikuwa amebakiza kidogo tu, aliichomoa sindano, akabana pamba na kusubiri. Mpwa wangu alikaa kimya akimtazama, kisha akampa mkono wa pili kwa hiari yake. Tangu siku hiyo hakushikwa kwa nguvu tena. Wauguzi wa zamu nyingine nao walianza kuhesabu, kwa sababu yule wa kwanza aliwaeleza walipopokezana zamu, na mtoto akawa na hakika kwamba tano ni tano kwa kila mtu.

Wapo watakaosema huo ni upole tu, na kwamba kinachoponya ni dawa. Nilivyoona mimi, upole na ujuzi wa watu wale havikutenganika. Dawa iitwayo vinkristini, ambayo watoto wengi wa wodi ile huipata, inapaswa kuingia mshipani tu, maana ikivuja nje huunguza nyama inayozunguka. Muuguzi aliyekuwa akiitoa alisimama hapo hapo kitandani tangu mwanzo mpaka mwisho, macho yake yakiwa pale sindano ilipoingilia, akimwuliza mtoto kila mara kama panawasha, na mtoto aliyezoea kusikilizwa ndiye atakayesema mapema kwamba panawasha. Vivyo hivyo katika siku za kwanza za tiba, ambapo uvimbe wa Burkitt huyeyuka haraka na taka zake zinaweza kuzielemea figo, mgonjwa hutundikiwa dripu mchana na usiku, na kila tone la mkojo hupimwa na kuandikwa. Mpwa wangu aliona haya kukojoa kwenye kopo mbele ya watu. Kijana mmoja muuguzi aligeuza kazi ile kuwa mashindano, akawa anainua kopo dirishani kusoma alama na kutangaza, "Mililita mia mbili na hamsini, leo ameivunja rekodi ya jana!" huku kalamu yake ikiandika kwa makini kabisa. Ilipofika siku ya nne jicho lilikuwa limefunguka, na shavu likaanza kurudi mahali pake.

Mtu mwingine ninayemweka mbele katika tathmini hii si daktari wala muuguzi, bali mama mhudumu wa usafi. Yeye ndiye anayejua ni mtoto gani hutapika robo saa baada ya dawa na yupi hutapika jioni, na beseni lilikuwa likifika kitandani kabla kichefuchefu hakijafika. Hakuwahi kukunja uso. Alipogundua kwamba harufu ya dawa ya kudekia humchafua roho mpwa wangu, alianza kudeki upande wetu wakati mtoto ametoka kwenda barazani, na hakuna aliyemwagiza.

Kuna usiku mmoja ambao lazima niuandike, japokuwa ni mgumu. Mtoto wa kitanda cha jirani, ambaye tiba ilikuwa imefikia kikomo chake kwake, alikuwa akipewa morfini ya kunywa ili asiumie, na nilishuhudia jinsi alivyolala bila kulia katika siku zake za mwisho, jambo ambalo mtu aliyewahi kumsikia mtoto wa saratani akilia kwa maumivu ataelewa thamani yake. Alipofariki alfajiri, muuguzi wa zamu alivuta pazia, akaketi chini sakafuni kando ya mama yake, akamshika mgongo, na kwa muda mrefu hakusema neno. Mama alikuwa amekwisha kumsuka mwanawe nusu ya kichwa jana yake, kwa nywele chache zilizobaki. Akaomba amalizie. Muuguzi akamletea kitana na maji, akakiinua kichwa kidogo kwa mkono wake ili mama asuke vizuri, na wale waliokuja na machela wakasubiri nje ya pazia bila kuhimizwa na bila kuhimiza. Saa moja asubuhi muuguzi yule alikabidhi zamu, akapita kwenye kila kitanda kuwaaga watoto kama kawaida yake, na alipofika kwetu macho yalikuwa mekundu.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Matibabu ya saratani kwa watoto pale hayalipishwi, kwa ushirikiano wa hospitali na shirika la Tumaini la Maisha, na familia za kutoka mbali zina mahali pa kufikia panapoitwa Ujasiri House wakati mtoto hahitaji kulazwa lakini hawezi kurudi mkoani. Bado nauli, chakula cha anayeuguza na shamba lililoachwa bila mtu ni mzigo wa kweli, na afisa wa ustawi wa jamii alitusikiliza katika hilo kwa heshima. Shirika la Afya Duniani lilijiwekea mwaka 2018 lengo la kuwaponya angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani ifikapo mwaka 2030, wakati katika nchi tajiri wanaopona wamekwisha kupita asilimia 80. Miongoni mwa sababu za pengo hilo ni familia kuacha tiba katikati, pale uvimbe unapopotea machoni na nyumbani kunapoita. Dada yangu aliniambia wazi kwamba baada ya mzunguko wa tatu wa dawa alifikiria kutorudi, na kilichomrudisha ni kwamba mtoto mwenyewe aliuliza lini watakwenda kumwona "bibi wa tano".

Sasa nifike kwenye kasoro ninayoiona, nayo si ya hospitali moja bali ni ya utaratibu wetu kwa ujumla. Sanduku la maoni lipo karibu kila mahali pa huduma, na tumelizoea kuwa sanduku la malalamiko. Mei Mosi wafanyakazi hodari hupewa vyeti na bahasha, na ninawapongeza wote wanaovipata, lakini wanaopendekeza majina kwa kawaida ni wakubwa na wafanyakazi wenzao, ambao saa tisa za usiku hawakuwapo kitandani. Aliyekuwapo ni mama wa mgonjwa, na yeye haulizwi. Nchini Marekani, Patrick Barnes alipofariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 33, kwa ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia chembe za damu, familia yake ilianzisha tuzo ya DAISY kwa ajili ya wauguzi, kwa sababu utaalamu waliutarajia lakini wema waliotendewa uliwashangaza. Mgonjwa au jamaa yake huweza kuandika kisa cha muuguzi aliyemhudumia, na anayechaguliwa hukabidhiwa mbele ya wenzake sanamu ndogo ya jiwe inayochongwa kwa mkono na mafundi wa Kishona wa Zimbabwe, huku wodi nzima ikila mikate ya mdalasini ambayo marehemu aliipenda alipokuwa amelazwa. Kinachonivutia hapo ni kile kisa: mpewa tuzo husomewa jambo alilolitenda, siku yake na mahali pake, na si sifa za jumla kwamba ni mchapakazi. Ningependa sana kuona hospitali zetu zikiweka fomu ya namna hiyo karibu na sanduku la maoni, kwa Kiswahili chepesi, na msaidizi wa kumwandikia asiyejua kuandika, na ningependa mhudumu wa usafi aweze kupendekezwa sawasawa na daktari bingwa.

Kwa kuwa fomu hiyo hatukuwa nayo, tuliandika barua kwa mkono na kuipeleka kwa muuguzi mfawidhi siku ya kliniki, baada ya mzunguko wa sita na wa mwisho. Ushauri wangu kwa mlezi mwingine ni kwamba aanze kuandika angali wodini, kwenye daftari dogo, kwa sababu mtu akishatoka husahau majina, na watu wengi nimewasikia wakisema "kuna sista mmoja alitusaidia sana" bila kuweza kumtambulisha. Taja zamu, taja kitanda, taja alichofanya. Majina ya wale niliowaeleza hapa yamo katika barua ile, ambako ndiko yanakostahili kuwa, pamoja na kisa cha kitana na kile cha kopo la mkojo. Dada yangu ndiye aliyeisema barua, nami nikaiandika, ikafika kurasa mbili. Mpwa wangu alitaka naye kuweka lake, basi alilaza mkono wake wa kushoto chini ya ukurasa wa pili, akauzungushia kalamu, na ndani ya kila kidole akaandika namba, kuanzia moja mpaka tano.