Redio ya masafa mafupi ndani ya mashua ya mita 6.5: uzoefu wangu

Redio ya kwanza niliyoingia nayo baharini niliinunua kwa euro 35 na haikunifaa kitu. Kosa ni langu, si la muuzaji. Niliona boksi limeandikwa masafa mafupi, nikalipa, nikaondoka. Usiku wa kwanza nje ya La Rochelle, bandari ya Ufaransa, nikainasa stesheni ya hali ya hewa, lakini nilichosikia ni kama bata aliyefungiwa kwenye pipa. Taarifa za mabaharia wa mbali husomwa kwa SSB. Mtambo unaorusha huondoa wimbi lenyewe linalobeba sauti na kutuma upande mmoja tu, ili nguvu yote iende kwenye maneno. Kilichoondolewa lazima redio yako ikirudishe, na isiyo na SSB haiwezi, hata uivutie antena ndefu namna gani.

Kwa wasiojua mashua hizi: Mini 6.50 ni kijimashua cha urefu wa mita sita na nusu, na unakuwa peke yako. Mbio zake kubwa, Mini Transat, zilianza mwaka 1977, na siku hizi huondoka Ufaransa, hupumzika visiwa vya Kanari, kisha huvuka Atlantiki hadi Karibi. Simu ya setilaiti hairuhusiwi, kompyuta hairuhusiwi. VHF, redio ya kuzungumza na walio karibu, unayo, ila ukishaacha pwani nyuma unabaki kuzungumza na meli zinazopita tu. Wakati wangu utabiri wa siku ulisomwa kupitia Monaco Radio, stesheni ya mabaharia. Usipousikia, umebaki na barometa na mawingu.

Ya pili ndiyo ninayoisifu: Tecsun PL-660, niliyoinunua kwa takribani euro 120. Jirani yangu gatini alikuwa na Sony ICF-SW7600GR, ambayo sasa haitengenezwi tena, tukaziweka pamoja juu ya sitaha jioni nzima. Kwa masikio yangu Sony ilikuwa tulivu kidogo pale stesheni zilipobanana. Tecsun niliipendea kigurudumu chake cha pembeni cha kunyoosha sauti ya SSB: unakizungusha polepole, bata anageuka mtu. Ina swichi ya kufunga vitufe, kwa hiyo goti likiigonga hupotezi masafa. Inakula betri nne za kawaida za AA, na hilo si dogo, maana redio inayotegemea umeme wa mashua huingiza humo humo makelele ya mashua.

Hapo kwenye makelele ndipo nilipopoteza wiki tatu. Gatini redio ilikuwa safi. Tukitoka, inanguruma kama mashine ya kusaga. Nilikwisha anza kuitilia shaka, hadi siku moja nikazima kila kitu na kukiwasha kimoja kimoja. Taa za LED zilikuwa zinakwaruza. Kidhibiti cha sola kilikuwa kinapiga filimbi. Otopailoti, mtambo unaoshika usukani badala yako, ndiyo iliyovunja rekodi: kila ikisukuma usukani, krrr, na neno la mtangazaji limekwenda. Na utazimaje otopailoti ukiwa peke yako, upepo wa nyuma, tanga limejaa?

Unazima tu. Dakika tano kabla ya taarifa napunguza tanga, nazima sola, taa na otopailoti, kisha naibana kana, yaani mpini wa usukani, kati ya mapaja. Hedifoni masikioni, penseli mkononi. Kifaransa changu ni cha gatini na msomaji hana huruma, tarakimu zinapita mbio. Kwa hiyo nilinunua pia kinasa sauti kidogo, nikakiunganisha na tundu la hedifoni kwa waya wenye matawi mawili, moja la hedifoni na moja la kinasa sauti. Nasikiliza mara ya kwanza moja kwa moja, mara ya pili na ya tatu baada ya kuirudishia otopailoti kazi yake. Katika vyote nilivyonunua, kinasa sauti ndicho kilichorudisha pesa yake haraka zaidi.

Antena wala sikununua. Babu yangu Lamu alikuwa akiinasa Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwa waya uliotoka redioni, ukapita dirishani, ukapanda mwarobaini. Nami nikachukua waya wa mita nane wenye ganda la plastiki, nikaupandisha kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) ya akiba na kuuweka mbali na mlingoti wa alumini, ncha nyingine kwenye tundu la antena. Mwenye mashua ya kaboni asijaribu kusikiliza ndani bila waya wa nje. Kaboni inapitisha umeme, na mwili wake huzuia mawimbi.

Mwaka 2017 nilifanya safari ya kufuzu kwa ajili ya mbio hizo, maili 1,000 peke yangu bila kutia nanga, kupitia boya la Coningbeg kusini mwa Ayalandi. Huko juu rafiki yangu alikuwa BBC Radio 4 kwenye 198 kHz, mawimbi marefu, na utabiri wake wa baharini unaotaja eneo baada ya eneo: Lundy, Fastnet, Biscay, Kiingereza cha taratibu kama mwalimu wa imla. Kwa mawimbi marefu waya hausaidii, antena iko ndani ya redio. Unaigeuza redio yenyewe hadi sauti ipande. Kwa masafa mafupi, usiku teremka kwenye namba za chini, mchana panda kwenye za juu. Nikiwa na shaka natafuta WWV, stesheni ya Marekani inayotangaza saa, kwenye 10 au 15 MHz. Nikizisikia sekunde zake zikigonga, redio na waya ni wazima, na saa yangu narekebisha hapo hapo.

Tecsun naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu hii ni redio ya nyumbani, haikutengenezewa maji ya chumvi. Yangu hukaa kwenye kopo la plastiki la chakula, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu na betri nane za akiba. Siku moja nililisahau wazi, wimbi likaingia. Niliifungua, nikaiosha kwa maji yasiyo na chumvi, nikaianika siku mbili juu ya godoro. Inasema hadi leo, ila kitufe cha 7 lazima ukibonyeze kwa kucha.